Mpishi Aliyeigiza Kutoijua Chupa: Kuitazama Upya The Gods Must Be Crazy

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia, wapenzi wa sinema, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie filamu moja ya vichekesho ambayo kizazi changu kiliiona utotoni na kuirudia ukubwani. Nimechagua The Gods Must Be Crazy, ile filamu ya chupa ya Coca-Cola iliyoanguka kutoka angani, iliyoongozwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini na kutoka mwaka 1980. Sikuichagua kwa kuwa ni bora kuliko zote. Nimeichagua kwa sababu sijaona filamu nyingine iliyotuchekesha kiasi kile ambayo mtu mzima akiirudia hulazimika kukikata kicheko katikati, akajiuliza anamcheka nani hasa, kisha muda si mrefu akajikuta anacheka tena bila kutaka. Hoja yangu ya leo ni moja, nami nitaitaja mapema ili mnipime nayo: katika filamu ile, mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni yule ambaye sisi sote tulikubali kwamba hakuwa akifanya kazi yoyote.

Kwa manufaa ya vijana ambao hawajaiona, kisa chenyewe ni hiki. Rubani wa ndege ndogo anakunywa soda yake juu ya Kalahari, akimaliza anaitupa chupa nje. Chupa inaanguka mchangani bila kuvunjika, karibu na familia ya Wasan, wenyeji wa tangu zamani wa jangwa hilo, ambao, kwa maneno ya msimulizi, hawajawahi kuona kitu cha namna hiyo, kinachofanana na maji lakini ni kigumu kuliko kitu chochote wakijuacho. Wanaamini kuwa ni zawadi ya miungu. Wanaipuliza itoe muziki, wanalainishia ngozi, wanapondea chakula, wanapigia chapa za mapambo; lakini chupa ni moja tu na kila mmoja anaitaka, hivyo watu ambao walikuwa hawana cha kugombea wanaanza kunyang'anyana na kupigana. Xi, baba wa familia, anafunga safari ya kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Njiani safari yake inaingiliana na ya Andrew Steyn, mtafiti wa Kizungu anayechunguza kinyesi cha tembo na ambaye kila akimkaribia mwanamke miguu na mikono yake humkana, na ya Kate Thompson, aliyeacha kazi katika chumba cha habari Johannesburg ili akafundishe shule ya kijiji nchini Botswana. Halafu kuna Sam Boga na waasi wake, ambao wamejaribu kumuua rais wa nchi ya kubuni iitwayo Burani, wakashindwa, wakakimbilia Botswana na kuwateka mwalimu pamoja na wanafunzi wake. Xi anawalaza waasi kwa vishale vidogo vyenye dawa, watoto wanaokoka, na mwishowe yeye anafika kwenye ukingo wa jabali ambapo mawingu yametanda chini ya miguu yake, anaitupa chupa na kurudi kwao.

Nimekieleza kisa kwa kirefu kidogo kwa makusudi. Mtu aliyeiona filamu hii akiwa mtoto hukumbuka chupa, hukumbuka gari, hukumbuka nyani, na mara nyingi huwa amesahau kabisa kwamba ndani yake mna bunduki, helikopta na watoto waliotekwa nyara.

Tuanze na kilichobaki kizima baada ya miaka yote hii, nacho ni gari. Land Rover ya Steyn, ambayo fundi wake Mpudi anaiita Mpinga Kristo, haina breki za kutegemewa, na ikizimika kuiwasha tena ni shughuli. Hivyo dereva akifika kwenye geti hulazimika kuruka nje gari likiwa bado linajiendea, akalikimbilia geti, akalifungua, akahangaika na jiwe la kuzuilia gurudumu, akarudi mbio kabla mashine haijamkimbia. Na akishajiona ameshinda, mbele yake linatokea geti jingine. Baadaye gari linakwama, anafunga waya wa winchi kwenye mti ili lijivute, na winchi inaendelea kuvuta hata gari lenyewe linaning'inia mtini. Mtoto hucheka kwa sababu gari lina tabia kama mnyama mkaidi. Mtu mzima akitazama tena huona kitu kingine, kwamba Steyn si mjinga hata kidogo. Anaijua kazi yake, anayajua magari, anakijua kila kichaka cha pale. Kinachomwangusha ni kuwa na shahidi, mtu wa kumtazama. Marius Weyers, aliyemwigiza, hauachi uso wake ucheke hata mara moja katika mikasa hiyo, na uzito huo wa uso ndio unaotuvunja mbavu.

Uys aliichukua mbinu hii moja kwa moja kutoka sinema isiyo na sauti. Mikasa mingi ya mbio ilipigwa kwa kamera iliyopunguzwa kasi, ili picha zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida watu waonekane wakikurupuka kwa hatua za haraka zisizo za kibinadamu, kama ilivyokuwa katika vichekesho vya miaka ya 1920. Mchekeshaji wa Kimarekani Buster Keaton alipambana na garimoshi kwa uso mkavu vilevile mwaka 1926, na Steyn ni mjukuu wake halali. Kichekesho cha aina hii hakizeeki kwa sababu hakimhitaji mtu wa kukifafanua: kuna kitu, kuna mwili, kuna ardhi yenye mteremko. Ondoa sauti yote na bado utacheka.

Sasa jaribuni kuondoa sauti katika zile sehemu za Xi. Hapo ndipo mambo yanapobadilika, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Sehemu za Xi zimebebwa na sauti ya msimulizi, Paddy O'Byrne, sauti ya upole, ya mzee mwema anayewasimulia wajukuu. Xi anazungumza lugha yake, Kijuǀ'hoan, yenye vidoko vingi, yaani sauti za kugonga ulimi, lakini hakuna maandishi yanayotafsiri anachokisema. Msimulizi anazungumza juu ya sauti yake na kutuambia Xi anawaza nini, anaogopa nini, anamwona nani kuwa mungu. (Wale tuliozoea vibanda vya video, ambako msimulizi wetu mwenyewe alikuwa akipaza sauti juu ya filamu nzima, tulisikia sauti ya tatu juu ya ya pili juu ya ya kwanza, na Xi akazidi kufukiwa.) Jambo ambalo mtoto hawezi kulijua ni kwamba sauti hiyohiyo ya O'Byrne ndiyo iliyosimulia filamu ya Uys ya mwaka 1974, Animals Are Beautiful People, ambayo ni filamu ya wanyama wa nyikani na ilipata tuzo ya Golden Globe kama filamu ya hali halisi. Mle msimulizi anatueleza anachowaza nyani, anachokusudia ngiri, kwa nini ndege fulani amekasirika. Miaka sita baadaye mbinu ileile, utani uleule na sauti ileile vinahamishiwa kwa watu. Mtazame mmoja asiyeweza kukujibu kwa lugha yako, mtie mawazo kichwani kwa upole, na watazamaji watampenda. Upendo huo ni wa kweli, sisemi kwamba ni wa uongo. Lakini ni ule upendo ambao haumwachii mpendwa nafasi ya kusema neno.

Nitakuwa mwenye haki kwa filamu. Kuna mahali ambapo sauti hiyo inageuzwa kuwakabili wenye kamera, na panachekesha hadi leo. Xi anapomwona Kate kwa mara ya kwanza, msimulizi anatueleza kwamba hajawahi kuona kiumbe mwenye sura mbaya namna ile: amepauka kama kitu kilichotoka ndani ya gogo lililooza, nywele zake ndefu zinatisha, na kwa ukubwa wake ingempasa mtu achimbe mizizi kutwa nzima ili amshibishe. Mwanamke anayehesabiwa mrembo katika filamu nyingine yoyote anapimwa hapa kwa macho mengine na anaanguka mtihani. Vivyo hivyo sehemu ya mwanzo, ambapo filamu inahama ghafla kutoka Kalahari hadi mjini, na msimulizi anaeleza kwa sauti ya mwanasayansi jinsi mtu aliyestaarabika alivyoyabadili mazingira yake hadi yakamshinda, anavyoamrishwa na saa kila baada ya dakika chache, na jinsi mama mmoja anavyotoa gari nyumbani ili tu aende kutia barua kwenye sanduku la posta lililo hapohapo jirani. Utani huo una makali.

Ila mtazame tena mji ule kwa makini. Ni Johannesburg ya mwishoni mwa miaka ya 1970, na msimulizi anayejua kila kitu kuhusu mateso ya saa na ofisi hana hata sentensi moja kuhusu sheria za pasi, ambazo hadi mwaka 1986 zilimlazimu Mwafrika kutembea na kitabu cha kibali ili aruhusiwe kuwa katika mtaa uleule unaoonekana kwenye kioo. Ustaarabu unaochekwa umechaguliwa vizuri sana: tunaruhusiwa kuucheka msongamano wa magari.

Na kule Kalahari kulikuwaje? Hapa ndipo mtazamaji mzima anapopaswa kuwa na habari ambazo hakuwa nazo utotoni. Sehemu ya picha za maisha ya Wasan wa filamu ile ilipigwa katika eneo la Tsumkwe, katika nchi ambayo leo ni Namibia na wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini. Watu wa pale, Wajuǀ'hoansi, ambao ni kundi mojawapo la Wasan, walikuwa wamekusanywa kuzunguka kituo cha serikali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1970 Afrika Kusini ikawatangazia eneo lao la kikabila lililoitwa Bushmanland, na katika kugawa mipaka hiyo wakapoteza sehemu kubwa ya ardhi waliyokuwa wakiwinda na kuchuma. Filamu ilipokuwa ikitengenezwa, Tsumkwe palikuwa na shule, zahanati, gereza, mgao wa unga, ulevi, kifua kikuu, na jeshi la Afrika Kusini lililokuwa likiwaandikisha wanaume wa Kisan kuwa askari na wafuatilia nyayo katika vita dhidi ya SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia. Mtengenezaji wa filamu Mmarekani, John Marshall, aliyeanza kuwatembelea watu hao akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitoa filamu yake kuhusu mwanamke aitwaye N!ai mwaka huohuo wa 1980, na ndani yake mna ugomvi wa fedha, wanajeshi wakisaka makuruta, na hata kikundi cha Uys kikiwa kazini, kikiwaelekeza watu namna ya kuigiza maisha ambayo hawakuwa wakiyaishi tena kwa namna ile. Kamera mbili, kijiji kimoja, mwaka mmoja. Moja iliona watu wasiojua sheria wala pesa. Nyingine iliona foleni ya mshahara wa jeshi.

Nimefika kwa N!xau.

Mwanamume aliyemwigiza Xi aliitwa N!xau. Simulizi zilizosambazwa wakati filamu inauzwa duniani zilimchora kama mtu aliyetolewa porini, asiyejua Mzungu wala noti. Iliwahi kusemwa kwamba malipo yake ya kwanza aliyaacha yakapeperushwa na upepo, kama vile Xi anavyofanya karibu na mwisho wa filamu. Ukweli ulioandikwa na watafiti ni mkavu zaidi na, kwa maoni yangu, unasisimua zaidi. Utotoni alichunga mifugo kwa wenye ng'ombe upande wa Botswana, na kabla ya filamu alikuwa mpishi katika shule ya Tsumkwe. Mpishi, waheshimiwa. Mtu anayeamka alfajiri, anawasha moto, anapima unga wa watoto kadhaa, anashika sufuria, ndoo, makopo na chupa, na mwisho wa mwezi anasubiri ujira wake.

Tukikubali hilo, filamu nzima inageuka mbele ya macho yetu. Kila mara Xi anapoikaribia chupa, tunachokiona si mtu anayeshangaa bali ni mtu anayetengeneza mshangao, na anautengeneza kwa ustadi ambao waigizaji waliosomea hawaupati. Kumwigiza mfalme ni rahisi kuliko kuigiza kutojua. Mwigizaji anayejua kitu lazima aufundishe mkono wake usahau. Lazima macho yakifike kitu kabla ya vidole, vidole visite mahali ambapo kwa kawaida visingesita, na yote hayo bila kuonyesha kwamba ameyapanga, maana akionekana amepanga kichekesho kimekufa. Mtu mzima akirudia filamu anapaswa kuitafuta kazi hiyo, na ataiona.

Chukueni mkasa wa nyani. Nyani ameiiba chupa na kupanda nayo juu ya mti, na Xi anasimama chini akimsihi. Hamkemei, hamrushii jiwe. Anazungumza naye kama jirani anavyozungumza na jirani aliyechukua kitu kibovu bila kujua, anamweleza kwamba kitu kile ni kiovu, kwamba yeye mwenyewe amekibeba kwa shida, kwamba amwachie akakitupe. Anaeleza, ananyamaza, anaeleza tena, hadi nyani anapokiachia kianguke. Fikirini kazi iliyomo mle. Mwigizaji hana mwenzake wa kumjibu. Mnyama hafuati maandishi ya mtu yeyote, na bila shaka kila upande ulipigwa picha peke yake na kuunganishwa baadaye. Hata hivyo subira iliyo usoni mwa N!xau haina dalili ya kuungaunga. Sauti yake inapanda na kushuka kama ya mtu anayeamini kabisa kwamba anasikilizwa. Nilipoutazama mkasa huo ukubwani, kwa mara ya kwanza nilitamani msimulizi anyamaze nimsikie yule bwana, hata kama nisingeelewa neno. Chaplin angeulipia uso ule fedha nyingi.

Nasema fedha kwa makusudi, kwa kuwa asiyeigiza halipwi ujira wa mwigizaji. Ile hadithi ya mtu wa porini haikuwa tangazo tu. Ilikuwa pia hoja ya mshahara. Taarifa zilizochapishwa zinasema kwamba kwa filamu ya kwanza N!xau alipata dola mia chache, ilhali filamu iliingiza mamilioni mengi kote duniani, na ilipofika Marekani mwaka 1984 ikaendelea kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa na yeyote. Ungetegemea mtu asiyejua thamani ya noti aridhike. Lakini filamu ya pili ilipotengenezwa, ile iliyotoka mwaka 1989, N!xau alidai malipo ya dola laki kadhaa na akayapata, akieleza kwamba anataka kuijengea familia yake nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji. Binafsi naona huo ndio mkasa bora kabisa katika habari yote ya filamu hii, na inasikitisha kwamba hakuna kamera iliyokuwapo mezani pale. Baadaye alikwenda hadi Hong Kong kuigiza katika filamu nyingine za vichekesho, akiwa bado ni mtu yuleyule wa porini, kisha akarudi kwao akalima mahindi, maboga na maharage na kufuga ng'ombe. Alifariki mwaka 2003.

Kuhusu Sam Boga na waasi wake sitasema mengi, kwa kuwa ndiyo sehemu dhaifu kisanaa na ingeweza kuondolewa bila mtu kuhuzunika. Ni waasi wasiojua kulenga shabaha, na wawili kati yao wamezama katika mchezo wa karata hata risasi zinapopita. Kiongozi ni mgeni mwenye maneno makubwa; wafuasi hawaonekani kuwa na jambo lolote linalowauma. Mwaka 1980, vita vya ukombozi wa Namibia vilikuwa vikipigwa tangu 1966, Zimbabwe ilikuwa ndiyo kwanza inapata uhuru, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam tangu 1963. Katika eneo ambalo jeshi la Afrika Kusini lilikuwa likiwaajiri Wasan kuwinda wapiganaji wa uhuru, filamu inamleta Msan anayewaangusha wapiganaji kwa vishale, kwa hiari yake na kwa wema wake, akimsaidia Mzungu. Sidai kwamba Uys alikaa na wakuu wa jeshi kulipanga hilo. Sina sababu ya kudai hivyo, na nadhani yeye aliwaza vichekesho tu. Ila kichekesho kina macho ya mahali kilipozaliwa. Ndiyo maana pia filamu ilinadiwa kama filamu ya Botswana, nchi huru tangu 1966 na yenye jina zuri, wakati ambapo kazi za Afrika Kusini zilikuwa zikisusiwa. Na ndiyo maana wapinzani wa ubaguzi wa rangi nchini Marekani walisimama nje ya majumba ya sinema na mabango huku watu wakipita wakienda kucheka.

Wapo wanaoitetea, nao si wajinga. Wanasema filamu inamcheka Mzungu zaidi kuliko inavyomcheka Mwafrika, kwamba Xi ndiye mwenye busara na wengine wote wamechanganyikiwa, na kwamba Waafrika wengi waliipenda bila kushurutishwa na mtu. Hayo ni kweli. Tatizo langu ni aina ya sifa anayopewa Xi. Anasifiwa kwa kutojua, na sifa ya namna hiyo inamtega aliyesifiwa, maana siku atakapojua kitu ataonekana ameharibika. Hili si jambo la kinadharia. Katika miaka ya 1980 Wajuǀ'hoansi walipotaka kuondoka kwenye vurugu za Tsumkwe, wakarudi kwenye visima vyao, wakachimba vipya na kufuga ng'ombe, utawala ulikuwa na mpango wa kuligeuza eneo la mashariki kuwa hifadhi ya wanyama, ambamo wangeruhusiwa kukaa kama wawindaji wa jadi lakini si kama wafugaji na wakulima. Marshall, aliyekuwa akiwasaidia kupata visima, alilalamika kwa miaka mingi kwamba picha ya mwindaji asiyehitaji kitu chochote, picha iliyoenezwa na filamu hii kuliko kitu kingine, ilikuwa ikiwakosesha maji. Watu hao hawakukaa kimya: waliunda chama chao cha wakulima, wakaukataa mpango ule, na mwaka 1998, miaka minane baada ya uhuru wa Namibia, Nyae Nyae, yaani eneo lao hilo la Tsumkwe, ikasajiliwa kuwa eneo la kwanza la hifadhi ya jamii nchini humo, likisimamiwa na wenyewe. Huko wanawinda, na pia wana ng'ombe, na pia wana mikutano mirefu yenye ajenda kama huu wetu.

Nimewahi kuulizwa kama basi watoto wetu wazuiwe kuiona. La hasha. Mtoto anayenyimwa ile Land Rover iliyoning'inia mtini ananyimwa mojawapo ya vichekesho safi vilivyowahi kupigwa picha katika bara hili, na atakuja kuitazama mwenyewe kwenye simu bila mtu wa kumwambia neno. Ninachopendekeza ni kwamba kabla ya kuanza aambiwe jina la N!xau, aambiwe kwamba alikuwa mpishi wa shule, na aachwe atazame. Mtoto anajua kuigiza ni nini kuliko sisi, kwa kuwa hucheza baba na mama kila siku. Ukimwambia kwamba yule bwana anaijua chupa na anajifanya haijui, hatacheka kidogo. Atacheka zaidi, na safari hii atacheka pamoja na N!xau.

Ndugu Mwenyekiti, waandaaji wamenihakikishia kwamba projekta iko tayari. Naomba tuutazame kwanza mkasa wa nyani bila sauti yoyote, kisha tuurudie ukiwa na sauti ya msimulizi, ndipo tufungue mjadala. Na ningependa wa kwanza kusema wawe wale ambao leo wanauona kwa mara ya kwanza.

Asanteni kwa kunisikiliza.